Kahawa imepoteza kipimo chake

Kwa mila za Wahaya wa Kagera, mgeni alikaribishwa kwa punje za kahawa. Hazikuwa za kusaga na kunywa. Ilikuwa buni iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, kisha ikawekwa tayari kumsubiri atakayebisha hodi. Mgeni alichukua punje chache, akatafuna, mazungumzo yakaanza. Ng'ambo ya ziwa, Baganda waliochanjiana udugu wa damu waligawana punje mbili zinazokaa ndani ya tunda moja la kahawa. Pwani nako mambo yalikwenda kwa kikombe: mdila wa shaba juu ya makaa, finjani zikigonganishwa ili mtaa usikie, kahawa chungu ya vifundo viwili vitatu, na pembeni kashata, tende au haluwa.

Desturi hizo zinatofautiana sana, lakini zote zilikuwa na kitu ambacho leo kinapotea, nacho ni kipimo. Punje zilikuwa chache kwa sababu zilitolewa kwa heshima, si kwa kumkesheza mtu. Finjani ilikuwa ndogo kwa sababu ilinywewa barazani, kati ya maneno, na mnywaji ameshatia kitu tumboni. Hakuna mtaalamu wa lishe aliyekaa akapanga hivyo. Kipimo kilikuwa ndani ya desturi yenyewe.

Siku hizi kikombe kimekua, na kando yake yamekuja makopo na chupa. Dereva mwenye safari ya Tunduma mbele yake, mwanafunzi anayepiga msuli wa mtihani wa asubuhi, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria wa saa nane za usiku, mlinzi getini: kila mmoja anakunywa peke yake, usiku, mara nyingi tumbo likiwa tupu, na hakuna anayejua amefikia wapi. Kahawa haina kosa hapo. Madhara yanatokana na kutohesabu, na watu wanaoumia zaidi kwa kutohesabu ndio ambao hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza.

Kinachopaswa kuhesabiwa ni kafeini. Mwaka 1819 mkemia kijana wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alipewa punje za kahawa na mshairi Goethe, ambaye alimhimiza azichunguze. Runge akafanikiwa kukitenga kile kinachomfanya mnywaji awe macho. Tangu hapo sayansi imeeleza vizuri namna kinavyofanya kazi. Mtu anapokuwa macho mchana kutwa, ubongo wake hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini ina umbo linalokaribiana na la adenosini, hivyo huwahi kukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, na ujumbe wa uchovu haufiki. Lakini uchovu wenyewe haujaenda popote. Umezuiwa mlangoni tu, na kafeini ikishapungua huingia wote kwa mkupuo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi kisichotiliwa shaka kinajulikana. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia tafiti zilizokuwapo ikaona kwamba hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, zisizozidi 200 kwa mara moja, hazileti wasiwasi. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja huwa na miligramu kama 95. Chai ya rangi iliyokolea, kikombe cha namna hiyohiyo, ina kama 50. Soda ya kola ya mililita 330 ina thelathini na kitu. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida lina 80, na chupa ya nusu lita yenye nguvu hiyohiyo ina 160. Kuna tofauti nyingine ambayo macho hayaioni: robusta, ambayo ndiyo inayotawala mashamba ya Kagera na Uganda, ina karibu mara mbili ya kafeini iliyomo kwenye arabika ya Kilimanjaro na Mbeya.

Chukua sasa mlinzi wa zamu ya usiku. Jioni anakunywa chai mbili, tayari ni 100. Saa nne anafungua chupa ya nusu lita, na saa nane ya pili, 320 zaidi. Alfajiri anapita muuza kahawa, anapata kikombe kikubwa cha kumfikisha mwisho wa zamu, 95. Jumla ni 515, na bado hajafika nyumbani kunywa chai ya asubuhi na watoto. Ukimuuliza kama anakunywa kahawa sana atakujibu, na atakuwa anasema kweli, kwamba amekunywa kikombe kimoja.

Haki itendeke kwa kahawa kabla ya kuendelea. Mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio makubwa yaliyokusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia. Wanaokunywa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku walionekana kupata kisukari cha ukubwani na magonjwa ya ini kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa kabisa, na vifo vya mapema miongoni mwao vilikuwa vichache. Waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba tafiti za namna hiyo haziwezi kuthibitisha kuwa kahawa ndiyo iliyowakinga. Hata hivyo, picha inayojitokeza si ya sumu. Bodi ya Kahawa Tanzania imekuwa ikiwahamasisha Watanzania wanywe zao lao badala ya kulisafirisha karibu lote nje, na hakuna sababu ya kiafya ya kumzuia mtu mzima mwenye afya asiitikie. Ila mapitio hayohayo yaliwaweka kando wajawazito, na huko tutafika.

Mahali ambapo kafeini hudai kwanza ni kwenye usingizi. Mwilini mwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka baada ya saa tano hivi, ingawa wengine huimaliza haraka na wengine huchelewa sana kulingana na maumbile yao. Maana yake ni kwamba kahawa ya saa kumi jioni bado ina nusu ya nguvu yake saa tatu usiku, na robo yake saa nane za usiku, wakati kila mtu ameshazima taa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Christopher Drake waliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa sita kamili kabla ya kulala. Vipimo vilionyesha kwamba walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. La kutisha zaidi ni kwamba kumbukumbu walizoandika wenyewe hazikuonyesha hasara yote hiyo. Mtu anaamka akidhani amelala vizuri, ila anashangaa mwili umechoka, na dawa anayoijua ya uchovu ni kikombe kingine.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2023 katika New England Journal of Medicine, liliwafuatilia watu wazima 100 wa San Francisco kwa vifaa vya kupima moyo, hatua na usingizi. Siku fulani waliambiwa wanywe kahawa, siku nyingine waiache kabisa. Siku za kahawa walitembea hatua kama elfu moja zaidi, jambo jema. Walilala dakika 36 pungufu. Dakika 36 kwa usiku mmoja si kitu. Zikirudiwa kila usiku kwa juma zima, zinapita saa nne.

Hapo ndipo wanafunzi wanapojidhulumu pasipo kujua. Ubongo hupanga na kuhifadhi ulichosoma wakati mtu amelala, na mwanafunzi anayekesha siku tatu mfululizo kwa kahawa na makopo anakipoteza kile alichokikeshea. Anaingia kwenye chumba cha mtihani moyo ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka, na jibu alilolisoma juzi halimjii.

Madereva ni suala zito zaidi, na lazima lisemwe kwa ukweli wote. Kafeini inawasaidia. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha madereva wa malori zaidi ya 500 waliokuwa wamepata ajali karibuni na wengine zaidi ya 500 ambao hawakupata, ukaona kwamba waliotumia kafeini ili wabaki macho walikuwa na uwezekano wa kupata ajali pungufu kwa asilimia 63. Atakayemwambia dereva aliye barabarani usiku wa manane kwamba kahawa haina faida atakuwa anamdanganya. Lakini watafiti haohao walionya kwamba faida hiyo ni ya muda mfupi na haichukui nafasi ya kulala. Adenosini inaendelea kujikusanya nyuma ya mlango uliofungwa. Dereva aliyekosa usingizi kwa siku mbili anaweza kuwa na kafeini tele mwilini na bado macho yakafumba kwa sekunde mbili tatu, na basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 40 katika sekunde mbili.

Mwaka 2023 mabasi ya mikoani Tanzania yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya kuzuiwa. Ni uamuzi uliowasaidia wafanyabiashara na abiria wengi. Pamoja nao ulipaswa kuja ukaguzi mkali wa mapumziko ya dereva: alilala saa ngapi, wapi, na je, dereva wa pili alipumzika kweli au alikaa kiti cha mbele akipiga gumzo? Mwenye basi anayempa dereva wake fedha ya makopo mawili badala ya kitanda cha saa sita ameokoa fedha kidogo kwa kuweka rehani roho za watu wengi. Hilo ni suala la usimamizi na la sheria, halipaswi kuachiwa duka la kituoni.

Kuna upande mwingine ambao kila kijiwe kinaujua, hata kama daktari hajauzungumzia: arosto. Aliyezoea kahawa akiikosa, kichwa kinamgonga, mwili unakuwa mzito, hasira ziko karibu. Dalili huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa kali zaidi siku ya kwanza na ya pili, na zinaweza kudumu hadi siku tisa. Tangu 2013 wataalamu wa afya ya akili wa Marekani wameziweka rasmi kwenye mwongozo wao wa maradhi. Waislamu wengi wanazitambua kutoka kumi la kwanza la Ramadhani. Mfungaji anadhani kichwa kinamuuma kwa njaa, kumbe njaa ina sehemu yake na kahawa ya saa nne asubuhi aliyoizoea mwaka mzima ina sehemu kubwa zaidi.

Na hapa pana mtego. Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa dukani bila cheti, hasa vile vinavyotangazwa kuwa na nguvu zaidi, huchanganywa na kafeini, mara nyingi miligramu 65 kwa kidonge kimoja. Mtu mwenye kichwa cha arosto akimeza viwili amepata miligramu 130, zaidi ya kikombe kizima cha kahawa, na kichwa kinaacha. Anakisifia kidonge. Kesho kichwa kinarudi, anarudi dukani. Wapo wanaozunguka hivyo kwa miaka, wakidhani wana kipandauso, na madaktari wanajua vyema kwamba kutumia vidonge vya namna hiyo siku nyingi za mwezi kwenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Njia ya kutoka haihitaji fedha. Ni kupunguza taratibu, kikombe kimoja kila baada ya siku chache, na kwa anayejiandaa kufunga, kuanza walau wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu moyo, hofu ya zamani imepungua na nyingine mahsusi imechukua nafasi yake. Kwa watu wengi kafeini hupandisha presha kidogo kwa saa chache, na mwili wa mnywaji wa kila siku huzoea. Tatizo ni kwa aliye na presha ya juu sana. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwishoni mwa 2022, uliowafuatilia watu zaidi ya 18,000 kwa karibu miaka 19, ulionyesha kwamba wenye presha ya 160 kwa 100 au zaidi waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa mara mbili ya wenzao wasiokunywa. Kikombe kimoja hakikuonyesha hatari hiyo, wala chai ya kijani. Kwetu jambo hili linauma kwa sababu watu wengi wenye presha hawajui kama wanayo. Mzee anayekaa kijiweni kuanzia alasiri hadi isha, finjani baada ya finjani, angefaa apimwe palepale barazani. Vijiwe ndiko waliko wanaume wa umri huo, wale wasiokanyaga zahanati mpaka wabebwe. Idara za afya za wilaya zikipeleka mashine ya kupimia presha pale Jaws Corner Zanzibar au kwenye vijiwe vya Kariakoo na Mji wa Kale wa Mombasa, zitawapata wengi kwa alasiri moja.

Namna ya kupika nayo ina neno. Kahawa ya pwani huchemshwa. Wanorwe nao walikuwa na mazoea ya kuichemsha, na mwaka 1983 watafiti wa Tromsø walieleza kwamba wanywaji wa kahawa walikuwa na lehemu nyingi zaidi kwenye damu. Baadaye ikagundulika kwamba punje za kahawa zina mafuta, kafestoli na kahweoli, ambayo hutoka zinapochemshwa na kupandisha ile lehemu mbaya. Chujio la waya haliyazuii, la karatasi huyazuia. Mwaka 2020 Wanorwe hao walitoa matokeo ya watu zaidi ya 500,000 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 20: waliokunywa kahawa iliyopita kwenye karatasi walikuwa na vifo vichache kuliko waliokunywa ya kuchemsha bila kuchuja. Finjani mbili tatu za pwani ni kiasi kidogo. Kumi kila siku ni hesabu nyingine, na kwa mwenye lehemu ya juu ni vyema amweleze daktari wake.

Sasa kwa wajawazito. Hapa makala haya yanasimama kidete, kwa sababu gharama analipa asiyekunywa. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito mwili wa mama huchelewa sana kuiondoa kafeini, nusu yake inaweza kuchukua hadi saa 15. Inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ini la mtoto aliye tumboni halijaweza kuivunja. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze, ili kupunguza uwezekano wa mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Ulaya imeweka ukomo wa chini zaidi, 200. Chupa moja ya nusu lita yenye 160 na chai ya asubuhi vinamfikisha mama huko kabla ya mchana.

Lililo kubwa zaidi kwa akina mama wa ukanda huu si kafeini peke yake. Chai na kahawa zina viambato vinavyoshika madini ya chuma yatokanayo na maharage, mchicha na nafaka, na kuyazuia yasiingie kwenye damu. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1983 lilipima hivi: kikombe cha kahawa pamoja na chakula kilipunguza chuma kilichofyonzwa kwa asilimia 39, na cha chai kwa 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuwa na athari. Iliyonywewa saa moja baada ya kula ilikuwa na athari ileile kama iliyonywewa mezani. Sasa tazama Tanzania, ambako uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi: malaria, minyoo, lishe duni, uzazi wa karibu karibu. Hakuna mwenye akili atakayeitwika chai mzigo wote huo. Lakini mama anayetoka kliniki na vidonge vya kuongeza damu, kisha kila asubuhi akavimeza kwa chai ya rangi kwa kuwa ndicho kinywaji kilichopo mezani, anapoteza sehemu kubwa ya alichopewa. Avimeze kwa maji, na kama kuna chungwa au embe ale, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia. Chai yake aisogeze mbali na mlo. Ushauri huu unatamkika kwa sekunde ishirini, na unastahili kutamkwa kwa kila mama, kila mara, na kila muuguzi anayegawa vidonge hivyo. Vilevile mtoto mdogo hapaswi kupewa chai ya rangi kama kifungua kinywa. Naye pia anaihitaji damu.

Joto nalo lisisahauliwe. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiondolea kahawa shaka lililokuwa limeiwekea mwaka 1991 kuhusu saratani ya kibofu. Wakati huohuo likatangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzijoto 65, vyovyote viwavyo, huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Mashariki mwa Afrika, kutoka Bonde la Ufa la Kenya hadi Malawi, saratani hiyo imekithiri, na huko Bomet nchini Kenya huwapata hata vijana. Watafiti waliopima Kilimanjaro walikuta watu wakianza kunywa chai yao ya maziwa ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzijoto 70. Kungoja dakika chache kikombe kipoe hakuna gharama.

Yaliyobaki ni makopo na chupa, na hapo ndipo kipimo kimepotea kabisa. Kahawa ya moto na chungu hujilinda yenyewe, kwani ni vigumu kunywa nusu lita kwa pumzi mbili. Kinywaji cha kuongeza nguvu ni baridi, kitamu, bei yake ni ya mfukoni mwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na kinapigiwa debe kwa picha za wanamichezo. Ukomo unaopendekezwa Ulaya kwa watoto na vijana ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kijana wa kilo 50 anafikia 150. Chupa moja yenye 160 imeshampitisha, na mdogo wake wa kilo 30 amepitishwa kwa chupa hiyo karibu mara mbili. Mwaka 2017, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, mvulana wa miaka 16 ambaye hakujulikana kuwa na ugonjwa wowote wa moyo alianguka darasani na kufariki, baada ya kunywa kahawa ya maziwa, soda kubwa na kinywaji cha kuongeza nguvu katika muda wa saa mbili hivi. Mchunguzi wa vifo alieleza kwamba kafeini nyingi kwa muda mfupi ilivuruga mapigo ya moyo wake. Vifo vya namna hiyo ni nadra sana. 

Vijana wa mjini wana mchezo mwingine, kuchanganya vinywaji hivyo na pombe kali. Kafeini haipunguzi pombe mwilini hata kidogo. Inamwondolea mnywaji usingizi tu, naye anajiona mzima, anaongeza glasi, kisha anakamata usukani. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watengenezaji waliokuwa wakiuza pombe iliyotiwa kafeini ndani ya kopo moja, na vinywaji hivyo vikatoweka sokoni.

Nchi nyingine hazikungoja. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia vinywaji vya kuongeza nguvu walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata 2016, Poland 2024. Serikali za Afrika Mashariki zina mashirika ya viwango yenye uwezo wa kuchukua hatua ileile, na maduka yaliyo mbele ya shule ndiyo ya kuanzia. Wafanyabiashara watalalamika kwamba biashara yao itaumia. Itaumia kidogo, kwa kuwa wateja wao wengi ni watu wazima.

Na kwa watu wazima hao, mashirika hayo ya viwango, yaani TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi, yanaweza kufanya jambo jepesi kuliko yote. Sasa hivi kiasi cha kafeini kwenye chupa nyingi huandikwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, na kwa kila mililita 100, hesabu ambayo kijana wa bodaboda hawezi kukaa chini ya taa ya barabarani kuizidisha mara tano. Iandikwe mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka: chupa hii nzima ina miligramu 160 za kafeini, mtu mzima asizidishe 400 kwa siku kwa vinywaji vyote, haifai kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha.